Land Rover Mia na Tisa: Uliza Mwaka Wake Kabla Hujashika Spana

Leo sizungumzii mnyauko wa nyanya wala bei ya mbolea. Mwezi uliopita kikundi cha wakulima wa karoti na viazi huku kwetu milimani Lushoto kiliniita nikawasaidie kuangalia gari. Wameweka akiba misimu mitatu. Wamechoka kulipia pikipiki gunia kwa gunia mpaka gulioni, na wamechoka kusubiri lori ambalo mvua ikinyesha halipandi. Gari lenyewe ni Land Rover, ile tunayoiita mia na tisa. Rangi imepakwa upya, inang'aa. Muuzaji akapiga boneti kofi akasema, "Bwana shamba, hiki ni chuma cha Mwingereza, hakifi."

Mimi nimesomea kilimo ngazi ya stashahada, sikusomea ufundi wa magari. Lakini baba yangu mdogo alikuwa na gereji ya chini ya mwembe kule Korogwe, na likizo zangu za shule zilikwisha nikimshikia tochi na kumpa spana. Gari likiletwa hakufungua boneti kwanza. Aliuliza, "Limezaliwa mwaka gani?" Akishajibiwa huenda moja kwa moja penye ugonjwa. Nilidhani ana dawa. Baadaye niliposoma historia ya gari hili nikaelewa: karibu kila ubovu wa Land Rover ya zamani una mwaka wake na sababu yake. Ukiijua historia, nusu ya kazi ya fundi umeshaifanya, na pengine umeokoa mtaji wako. Kwa hiyo leo naomba unifuate nyuma kidogo.

Gari lililozaliwa shambani

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imechoka. Chuma kiligawiwa kwa mgao, na viwanda vilivyouza bidhaa nje ya nchi ndivyo vilivyopewa kwanza. Kampuni ya Rover kabla ya hapo ilikuwa ikitengeneza magari ya watu wenye nafasi. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, na humo alikuwa akitumia jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa akiiongoza kampuni, wakaona kwamba mkulima anahitaji kitu cha namna hiyo: si trekta kamili, si gari kamili, bali kinachoweza kufanya kazi za vyote viwili. Gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilijengwa juu ya chesisi ya jeep, na usukani wake uliwekwa katikati kama wa trekta. Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Amsterdam.

Ilikuwa na injini ya petroli ya sisi 1,595 na nguvu za farasi 50 tu. Lakini uliweza kuifungia mahali pa kuchukulia nguvu za injini, kama ilivyo kwenye trekta, ukaendesha msumeno, pampu ya maji au mashine ya kupura nafaka. Kwa hiyo ukipakia viazi kwenye gari hili usione haya. Kazi hiyo ndiyo iliyolizaa.

Sasa angalia jinsi uhaba ulivyoliumba. Chuma kilikuwa adimu, lakini alumini ilipatikana kwa sababu ndege za vita zilikuwa hazihitajiki tena kwa wingi. Bodi ikawa ya aina ya alumini. Hata ile rangi ya kijani ya mwanzo ilitokana na rangi ya ndege za kivita. Fedha za kununua mashine kubwa za kukunja mabati hazikuwepo, ndiyo maana mabati yake ni bapa, na ndiyo maana leo fundi wa kijijini anaweza kulinyoosha kwa nyundo na ubao. Chesisi nayo ilitengenezwa kwa vipande bapa vya chuma vilivyochomelewa pande nne mpaka vikawa boksi refu lenye uwazi ndani.

Ugonjwa wa kwanza uko hapo. Bodi ya alumini haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo gari la miaka 50 linaweza kuonekana kijana. Chini yake, boksi la chesisi limejaa tope lililoingia kupitia matundu, na linaoza kutoka ndani kuja nje. Ukiiona kutu nje, ndani imeshamaliza kula. Na pale alumini inapogusana na chuma, maji yakikaa katikati, alumini yenyewe hugeuka unga mweupe kama chokaa. Tazama chini ya milango na kwenye maungio ya sakafu.

Kwa hiyo nilipofika kwenye gari la kikundi sikuomba funguo. Niliomba nyundo ndogo na bisibisi, nikalala chini. Chuma kizima ukikigonga hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti butu, kama unagonga gunia la pumba. Anza na boriti ya nyuma kabisa inayoshika ndoano ya kuvutia, kwa sababu matairi huirushia tope kila siku. Kisha mahali springi zinaposhikwa, kisha sakafu chini ya miguu ya dereva. Muuzaji akikukataza kugonga, umeshapata jibu lako. Huyu wetu hakukataza, nampa heshima yake. Upande wa kushoto wa boriti bisibisi ilizama kama kwenye ndizi mbivu. Chini ya rangi mpya palikuwa na pati.

Chesisi iliyooza inatengenezeka. Lakini usikubali kubandikiwa kiraka juu ya kutu. Mchomeleaji akate mpaka afike kwenye chuma kizima, aweke bamba la unene unaolingana, na asizibe matundu ya kutolea maji yaliyoachwa na kiwanda. Kabla moto haujawashwa, tangi la mafuta litolewe na waya za betri na altaneta zifunguliwe. Baada ya masika, ingiza mpira wa maji ndani ya chesisi, osha mpaka maji yatoke meupe, acha likauke siku kadhaa za jua, kisha paka grisi nyepesi au mafuta. Wengi hutumia oili chafu. Mimi kama bwana shamba sifurahii, maana hudondokea ardhini na huwezi kuiweka gari hiyo karibu na kisima au bustani ya mboga. Ukiitumia, kinga udongo kwa turubai na usiifikishe kwenye mipira ya breki, huiharibu.

Namba zake na nyaraka zilizoandikwa usoni

Watu wengi huita mia na tisa bila kujua ni mia na tisa ya nini. Ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, sawa na sentimita 277 hivi. Ya kwanza kabisa ilikuwa 80. Baadaye zikaja 86 na 107, na kuanzia mwaka 1956 zikaanza kutoka 88 na 109, ambazo ndizo zilizobaki midomoni mwetu.

Kadi ya gari inaweza kupotea au kuandikwa mwaka wa kukisia, lakini uso wa gari hausemi uongo sana. Series II ilianza 1958, na muda mfupi baadaye ikapata ile injini maarufu ya petroli ya sisi 2,286. Kuanzia 1961 ikawa Series IIA. Kama taa kubwa ziko katikati, karibu na rejeta, hiyo ni ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Taa zikiwa kwenye mabawa na wavu wa mbele ni wa plastiki, hiyo ni Series III, iliyoanza 1971. Usishangae kukuta uso wa moja umefungwa kwenye mwili wa nyingine.

Kwa nini ujisumbue na hayo? Nitakupa mfano mmoja. Series II na IIA za mwanzo zilifungwa waya wa chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari mengi unayoyajua. Chukua altaneta ya gari la kisasa, ifunge humo bila kutazama, utaiunguza siku hiyo hiyo. Series III ilitoka kiwandani na altaneta na waya wa hasi kwenye bodi. Kabla hujabadili chochote cha umeme, fuata kwa macho waya mnene uliofungwa bodini uone unatoka kichwa gani cha betri.

Mwaka 1983 ikaja 110, iliyoacha springi za bapa ikachukua springi za koili, na magurudumu yake yote manne husukumwa muda wote. Jina la Defender lilikuja 1990. Injini zake nyingi za dizeli za lita 2.5 hutumia mkanda wa mpira badala ya cheni kuzungusha kemshafti; mkanda ukikatika valvu hugonga pistoni na injini imekwisha. Ukinunua 110 ya dizeli usiulize mkanda ulibadilishwa lini. Badilisha. Utengenezaji wa Defender ile ya zamani ulisimama Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016.

Kwa nini hili lilibaki na mengine yakafa

Hapa nitoke kando kidogo, kwa sababu jambo hili linaugusa ukulima wenyewe. Mwaka 1947, kabla Land Rover haijatoka, serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana, wakaleta mitumba ya vita, mengine kutoka Ufilipino, yakiwa yameshachakaa. Vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Spea zilikuwa haba, mafundi wachache, na udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi mgumu kama saruji. Mapema mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mashine zile zilikuwa na nguvu kuliko Land Rover mara nyingi.

Land Rover ilikuja katika nchi hii hii na barabara hizi hizi. Ikawabeba mabwana shauri, wamisionari, maofisa wa wanyamapori, na bwana shamba pia. (Bwana shamba wa leo anapanda pikipiki, na mafuta wakati mwingine anajiwekea mwenyewe, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.) Ilidumu kwa sababu ilifunguka. Bodi yake imefungwa kwa bolti, bawa la mbele unalitoa kwa spana za kawaida. Betri ikiisha, injini ya petroli unaiwasha kwa mkono ukiwa na ile hendeli ya mbele. Spea zake zilienea Afrika Mashariki nzima, na kule Thika, Kenya, kulikuwa na kiwanda cha kuziunganisha.

Kisha ikaja miaka migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikafuata 1978 hadi 1979, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikosekana nchini. Sabuni ilikuwa shida, sembuse spea. Baba mdogo alijifunza kazi wakati huo. Alikuwa akikata gasketi kwenye makaratasi magumu, akichonga bushi za springi kwa tairi chakavu. Mafundi wa kizazi chake walilazimika kujua kila kifaa kinafanya kazi gani, si kinaitwaje dukani.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, na polepole injini za Kijapani zikaanza kupatikana. Tabia ya kuing'oa injini ya petroli ya Land Rover na kuweka dizeli ya Kijapani ilishamiri baada ya hapo. Siilaumu. Ile ya petroli hunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka machungani, na dizeli hubeba mzigo vizuri zaidi. Lakini mabadiliko haya ndiyo yanayonitisha kuliko kutu.

Nitakueleza kilichonipata. Miaka michache iliyopita nilipanda mia na tisa ya mfanyabiashara mmoja wa nyanya, tukishuka kutoka Soni kwenda Mombo. Unaijua ile barabara: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde. Gari lilikuwa limebadilishwa injini wiki mbili nyuma, gereji ambayo sitaitaja. Kwenye kona ya tatu au ya nne dereva akasema kwa sauti ndogo, "Mguu umekuwa mgumu." Alikuwa amesimama juu ya breki kwa miguu miwili. Akaligonganisha bawa na ukuta wa mlima, akaliburuza mpaka likasimama mtaroni. Hatukufa. Nyanya zote zilimwagika, na mwenye mali alikuwa amezichukua kwa mkopo. Mwaka ule hakurudi gulioni.

Sababu yake ni hii. Gari lile lilikuwa na busta, kile kibuyu kinachosaidia mguu kusukuma breki, na busta hufanya kazi kwa kunyonywa hewa. Injini ya petroli hunyonya hewa yenyewe kupitia manifoldi, mpira mmoja unatosha. Dizeli hainyonyi hivyo. Injini nyingi za Kijapani za dizeli zina pampu ndogo ya kunyonya iliyofungwa mgongoni mwa altaneta. Fundi akinunua altaneta ya bei rahisi isiyo na pampu, gari litawaka, litachaji, litavuta vizuri kabisa, na barabara ya tambarare huenda usigundue kitu. Mlima ndio utakaokuambia.

Jipime hivi nyumbani, ni dakika moja. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano sita mpaka mguu uwe mgumu. Usiondoe mguu. Washa injini. Pedeli inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, usipakie kitu wala mtu.

Na hata busta ikiwa nzima, kumbuka mia na tisa nyingi zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, zote zimekwenda. Breki zake za dramu zilipangwa kwa injini ya farasi 70 hivi. Ukiongeza nguvu na mzigo bila kugusa breki umefanya nusu ya kazi, ile nusu ya hatari. Angalia mipira kama imepasuka nyufa, na badilisha mafuta ya breki, kwa sababu hunyonya unyevu na kwenye mteremko mrefu huchemka. Unapofungua dramu usipulize vumbi lake kwa mdomo. Laining za zamani zilikuwa na asibesto. Lifute kwa kitambaa kibichi. Na kabla hujaingia chini, jeki peke yake haitoshi, weka magogo. Kadi nayo ipelekwe TRA namba ya injini ibadilishwe, la sivyo utauza gari usiloweza kulithibitisha.

Nguvu hiyo ya ziada huvunja kitu kingine: shafti za nyuma, hafu shafti. Zilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Utasikia mlio wa kukatika, injini inaunguruma, gari halisogei. Hapa wazee wa Solihull walikuachia zawadi. Kwenye Series II na III unafungua bolti sita katikati ya gurudumu, unachomoa kipande kilichokatika, unabonyeza kile kitufe cha njano ili magurudumu ya mbele nayo yasukume, na unarudi nyumbani taratibu ukivutwa na ya mbele. Kipande kilichobaki ndani ya difu kitolewe kabla ya safari nyingine. Siku za kawaida kitufe hicho usikibonyeze kwenye lami kavu, kinakula matairi na gia.

Kama bado una petroli ya asili na imegoma kuwaka, usianze kuifungua yote. Uliza mambo mawili tu: moto upo, mafuta yapo? Toa waya wa plagi, ushike kwa koleo lenye mpira karibu na chuma, mwenzako azungushe. Cheche hakuna, fungua kofia ya distributa, safisha platini kwa msasa laini, acha nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40. Waya za plagi zikichanganyika, mpangilio ni 1, 3, 4, 2. Cheche ipo, basi fungua mpira wa kabureta na upige pampu kwa mkono uone kama petroli inafika. Kuvuka mto kunahitaji neno moja: ekseli ikiwa ya moto ikaingia ghafla majini, hunyonya maji. Kesho yake fungua kizibo cha difu. Mafuta yakiwa kama chai ya maziwa, mwaga yote.

Turudi kwa kikundi. Nilipomaliza chesisi nilifungua boneti. Injini ni dizeli ya Kijapani, inawaka vizuri. Nikafuata mpira wa busta kwa kidole mpaka mwisho wake. Ulikuwa umezibwa kwa bolti.

Muuzaji aliapa kwamba hakujua, na nadhani ni kweli, yeye mwenyewe alinunua hivyo. Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mwenye hesabu kali, aliitoa bei ya bamba, ya mchomeleaji na ya altaneta yenye pampu kwenye bei ya gari, akaandika kwenye daftari, wote wawili wakasaini. Theluthi moja ya fedha imebaki mkononi mwake. Boriti ya nyuma imeshakatwa, bamba jipya limefika, altaneta inatarajiwa kwa basi la Alhamisi kutoka Tanga. Jumamosi nitakwenda tufanye jaribio la pedeli pamoja, kisha mteremko mfupi, gari likiwa tupu.